Kipeo kuwa tasa hakutoshi jamani

Jumamosi tuisheni hapa Sinza dogo wa kidato cha nne kaandika ubaoni "11 ni tasa, kwa hiyo 2^11 − 1 ni tasa", na juzi tu mtu mzima kanitumia hiyohiyo wasap, sasa nimechoka, naandika mara moja ili akitokea mwingine namtumia linki.

Tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe, na kipeo ni hiyo 11 inayosema 2 zizidishwe ngapi. 2^11 − 1 ni 2047. Gawa kwa 23, inatoka 89 kamili. Imekufa hapohapo.

Ila naelewa kosa linapotokea. Kipeo kisipokuwa tasa, namba haiponi kabisa. Chukua 2^15 − 1, ukiiandika kwa 0 na 1 kama kompyuta inavyohesabu unapata moja 15 zimepangana. Zikate tatutatu, 111 111 111 111 111, na 111 ni 7, kwa hiyo 7 inaigawa yote. Zikate tanotano, 11111 ni 31, nayo inagawa. Ndo maana 32,767 ni 7 × 31 × 151. Sasa moja 11 huwezi kuzikata mafungu sawa, sawa kabisa, lakini hiyo inakwambia njia HIYO ya kuiua haipo, haikwambii njia zote hazipo! 23 imepita mlango mwingine. Ni kama mwendokasi Kimara asubuhi, bila tiketi hupiti geti, ila tiketi siyo siti.

Na hili limewakamata hata wakubwa. Mersenne mwenyewe, mwanahisabati ambaye namba hizi zinaitwa kwa jina lake, mwaka 1644 aliweka 67 kwenye orodha yake ya vipeo vinavyotoa tasa. Mwaka 1876 mwanahisabati Lucas akaonyesha 2^67 − 1 siyo tasa, bila kujua kigawo chake hata kimoja, yaani unajua kabisa inagawanyika ila hujui kwa ngapi, mi hapo huwa nasisimka kila nikifundisha. Vigawo vyenyewe alikuja kuvitoa mwanahisabati mwingine, Cole, mwaka 1903: 193,707,721 × 761,838,257,287.

Kwa hiyo ile tasa kubwa ya Oktoba 2024 aliyoipata Luke Durant, 2^136,279,841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320, haikukubaliwa eti kwa sababu kipeo ni tasa. Kipeo kiliipa tu haki ya kupimwa, kompyuta ndo zikafanya kazi. Na tafadhali msiseme "tasa kubwa kuliko zote", ni kubwa kuliko zote ZINAZOJULIKANA, Euclid, yule Mgiriki wa kale wa hisabati, alishamaliza hiyo kesi zamani sana, tasa haziishi. Hata kuiita tasa ya 52 ya aina hii ni hesabu ya zilizopatikana, vipeo vya chini yake bado havijahakikiwa vyote.

Dogo akaniuliza, na hizi za 2 kwa kipeo toa 1 peke yake, nazo haziishi? Mi naamini haziishi, naamini kweli, ila uthibitisho hakuna duniani aliyeupata, kwa hiyo ubaoni sikuandika kitu.