Maji ya chumvi hayalainishi makohozi mrijani

Bado wapo wanaomimina mililita 5 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwenye mrija wa hewa, ule ulioingizwa kwenye koo la hewa la mgonjwa ili apumue, kabla ya kunyonya makohozi, wakiamini yatalainika. Hayalainiki! Makohozi mazito hayachanganyiki na maji hayo. Mgonjwa hukohoa kwa nguvu, oksijeni ya damu huweza kushuka, na vijidudu vilivyoganda ukutani mwa mrija husukumwa kuelekea mapafuni.

Kinacholainisha ni hewa yenye joto na unyevu, na mwili usiopungukiwa maji. Kwa mtu mzima, mpe oksijeni ya asilimia 100 kwa sekunde 30 hadi 60, tumia katheta (mrija mwembamba wa kunyonyea) yenye unene usiozidi nusu ya kipenyo cha ndani cha mrija wa hewa, kisha nyonya kwa sekunde zisizozidi 15. Makohozi yakinata kama gundi, kagua kifaa cha kutia unyevu kwenye hewa anayovuta mgonjwa: huenda maji yameisha.