Maji Yakiingia Ndani: Maswali na Majibu Kuhusu Afya ya Familia Wakati wa Mafuriko

Masika ya Machi hadi Mei yakikaribia, wakazi wa mabondeni Dar es Salaam huniuliza mimi, nesi, maswali yanayofanana. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi, na majibu ninayowapa.

Sisi maji yanaingia kila mwaka, tumeshazoea. Tujiandae na nini tena?

Mmezoea maji ya mwaka jana. Desemba 2011 waliozoea walikuwepo pia, na mvua zile ziliua zaidi ya watu 40 jijini. Waliobaki bila makazi wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Wala si jambo la bonde la Jangwani hapa Dar peke yake. Desemba 2023 matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, na kuingia mji wa Katesh. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilijaa maji, na Mei ikaja Hidaya, kimbunga, pwani ambako wengi tulidhani vimbunga ni habari za Msumbiji. Mtaro wa kwenu nao si ule wa miaka kumi iliyopita. Uchungulieni mtaona umejaa chupa za plastiki.

Shikamoo dada nesi. Nimeona kwenye video begi la dharura, bei yake siiwezi. Nifanyeje?

Marahaba. Achana na begi. Tafuta ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, hata ile iliyokuwa na rangi, maana haitawekwa maji ya kunywa. Ndani weka tochi na betri zake, kiberiti ndani ya chupa kavu ya maji, sabuni, vidonge vya kutibu maji, pakiti za ORS (unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha), pedi, kanga mbili, nguo za mtoto, na hela ndogo ndogo za nauli. Halafu vyeti, kadi ya bima na kadi ya kliniki ya mtoto, vyote kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili. Kuna mama alinifunulia kadi iliyolowa: tarehe za chanjo zimegeuka madoa ya bluu, haijulikani mtoto kachomwa ipi na bado ipi. Piga picha kila ukurasa na umtumie ndugu anayekaa mbali na bonde. Ndoo ikae karibu na mlango. Ukiiweka uvunguni, maji yataifikia kabla yako.

Maji ya kunywa tuweke kiasi gani?

Lita nne kwa mtu mmoja kwa siku, kwa kunywa na kupikia. Watu watano kwa siku tatu ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Yaoshwe vizuri, yafungwe, yawekwe juu ya meza. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa halifai, hata ulisugue kwa mchanga.

Mama ana kisukari na presha, na mimi natumia dawa za CTC, kliniki ya VVU.

Swali hili napenda liulizwe mapema, maana presha haisubiri maji yapungue. Usiache dawa zibaki za siku mbili wakati mawingu yameshatanda. Nenda kachukue zingine ukiwa na akiba ya wiki moja au mbili. Andika kwenye karatasi jina la kila dawa na kiwango chake, kwa sababu "kile kidonge cheupe cha asubuhi" hakimsaidii daktari wa kituo kingine.

Insulini iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, hukaa nje ya friji wiki nne hivi mradi isipate joto kali. Umeme ukikatika, ambazo hazijafunguliwa zifunge kwenye nailoni na kuziweka ndani ya mtungi wa udongo wenye unyevu, kivulini. Zisigusane na barafu, kwani iliyoganda haifai tena.

Nawe wa CTC, kadi yako itembee na wewe. Ukihamia kwa ndugu, nenda na kadi kwenye kituo cha karibu na useme umehamishwa na mafuriko. Usiruke dozi kwa kuona aibu.

Maji yameanza kuingia usiku. La kwanza ni lipi?

Watu. Zima meni swichi kama unaweza kuifikia bila kukanyaga maji. Kama umeshasimama kwenye maji, usiiguse. Beba watoto na ndoo, panda mahali palipoinuka. Friji iache. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu, chini ya magoti, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na chini yake huoni mfuniko wa karo ulioondoka. Zimamoto na Uokoaji ni 114, dharura ya jumla 112.

Maji yamepungua na kisima kinaonekana safi. Tuchote?

Hapana. Maji yale yale yaliyofika kisimani yalipitia vyoo vya shimo vya mtaa mzima. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifuatana na mlipuko mkubwa wa kipindupindu Afrika Mashariki. Mpaka kisima kisafishwe na kutiwa klorini na watu wa afya, chuja maji kwa kitambaa safi, yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja, yapoe humo humo yakiwa yamefunikwa. Kama hakuna mkaa, tumia vidonge kwa kufuata pakiti, na usubiri nusu saa. Maji yanayonuka dizeli hayaponywi na moto wala kidonge.

Chakula kilicholowa kimwagwe, sembe ikiwemo. Najua inauma kumwaga kilo kumi za unga. Mwaga.

Mtoto anaharisha na ORS imeisha.

Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa, visiwe na kilima. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika kumi kisha endelea polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, macho yakizama, au akishindwa kunywa, nendeni kituo cha afya saa hiyo hiyo huku mkimnywesha njiani.

Na nyoka?

Naye amekimbia maji, kwa hiyo kung'uta viatu na matandiko, na uzoe tope ukiwa na gambuti. Aliyeumwa asichanjwe kwa wembe, asifungwe kamba, asinyonywe jeraha. Mguu utulizwe kwa kipande cha mbao, abebwe hospitali.

Kuta zimelowa. Tukiwasha jiko la mkaa ndani zikauke?

Jiko likae nje, au milango na madirisha yote yawe wazi na asilale mtu humo. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu anaona kichwa kinamuuma, anajilaza kidogo, na haamki.

Tangu mwaka juzi mwanangu analia kila mvua ikinyesha.

Usimwambie aache woga. Mwache asimulie alichokiona, na arudi shule mapema iwezekanavyo. Baada ya wiki kadhaa kama halali, anakojoa kitandani au hataki kucheza, mleteni kituo cha afya. Hilo nalo linatibika. Huku nyumbani mpe kazi yake kwenye maandalizi. Mtoto mmoja wa miaka saba ndiye mtunza tochi wa kwao, na kila Jumapili jioni huiwasha mara moja mbele ya wote kuona kama betri bado zina nguvu.