Mkono Wako na Sindano ya Mwanagenzi

Ukiingia chumba cha kutolea damu saa moja asubuhi ukamkuta kijana mwenye koti jeupe jipya, na nyuma ya bega lake amesimama mtu wa makamo asiyeshika chochote, usidhani huyo wa pili amekuja kupiga soga. Ndiye mkufunzi. Kazi hiyo nimeifanya hapa Nairobi miaka mingi, na swali la wagonjwa ni lile lile: huyu mtoto atajifunzia kwangu?

Kabla hajafika kwako ameshauchoma mno mkono wa mpira, ule wenye mirija ya maji mekundu. Hata hivyo una haki ya kumkataa. Ukikataa, nitakutoa damu mimi, na hakuna atakayekununia.

Kuchoma kwenyewe hakuchukui muda kufundisha. Kazi ni kupapasa. Picha nyingi za vitabuni huonyesha mikono myeupe yenye mishipa ya kibuluu, na mwanagenzi aliyezizoea hizo hukodolea macho mkono wa mama kutoka Kayole na kusema hana mshipa. Anao. Namwambia afumbe macho, aweke kidole cha shahada kwenye kunjo la kiwiko, abonyeze na kuachia. Mshipa wa vena hunesa kama mpira. Kano ni ngumu kama kamba. Kinachodunda ni ateri, na hapo haguswi mtu. Ndiyo sababu tunapendelea mshipa wa katikati au ule wa upande wa kidole gumba, maana ule wa upande wa ndani umepakana na ateri na neva.

Julai, baridi ya Nairobi inapokaza, mishipa hujificha zaidi. Wengi pia huja wamefunga hata maji, kwa kuwa waliambiwa wasile. Kwa vipimo vingi vya kufunga, maji matupu yanaruhusiwa, na mwili wenye maji ya kutosha hurahisisha kazi. Uliza unapopewa fomu.

Mpira wa kufungia mkono hukaa vidole vinne hivi juu ya mahali pa kuchoma, na usizidi dakika moja. Ukikaa zaidi, damu hutuama na majibu hupotoka. Kufumba na kufumbua ngumi nako kunaweza kupandisha potasiamu, ingawa bado wapo wanaowaambia wagonjwa wafanye hivyo. Ngozi hupanguswa kwa spiriti ya asilimia 70, ikaachwa ikauke yenyewe kama nusu dakika. Kuipepea kwa mkono au kuipuliza ni kurudisha uchafu, na kupapasa tena baada ya kusafisha ni kuanza upya. Sindano huingia kwa mlalo, pembe isiyozidi nyuzi 30.

Halafu mpira unafunguliwa kwanza, ndipo sindano inatoka. Kwa hili nina kovu la aibu. Nikiwa mwanagenzi, nilichomoa sindano mpira ungali umekaza. Mzee wa watu alivimba kiwiko, siku ya pili kikawa cha zambarau, naye alipokuja kuchukua majibu alinyoosha ule mkono mezani pangu bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Vichupa navyo vina foleni yao. Chenye kifuniko cha buluu hutangulia chekundu, na cha zambarau huja baadaye. Ndani ya kile cha zambarau mna dawa ya kuzuia damu isigande, nayo ina potasiamu. Tone likipenya kwenye chekundu, maabara itasoma potasiamu ya juu na kalsiamu ya chini, na daktari atatibu ugonjwa ambao huna. Cha zambarau hupinduliwa taratibu mara nane hadi kumi. Ukikitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi, chembe hupasuka.

Kuhusu majina nakuwa mkali kuliko kwenye sindano. Hapa ukiita "Wanjiku!" huinuka watatu. Kwa hiyo mwanagenzi haulizi, "Wewe ni Mary Wanjiku?" Mtu mwenye hofu huitikia chochote. Anauliza, "Jina lako kamili ni nani, na ulizaliwa lini?" Kisha anaandika kwenye vichupa palepale mbele yako, baada ya kuvijaza. Vikiandikwa kabla, kimoja huishia kwa mwingine.

Kwa usalama wake yeye, sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko. Inaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha sindano, ambacho hufungwa kikijaa robo tatu. Akijichoma kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya Ukimwi, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kwa 1,000. Homa ya ini aina ya B inaambukiza kwa urahisi zaidi mno, hivyo chanjo hutangulia mafunzo. Ajalini, anaosha kwa sabuni na maji bila kukamua, anaripoti papo hapo, na PEP, yaani dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi visishike mwilini, huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72, kwa siku 28. Wanaoficha ajali kwa kuogopa kukaripiwa ndio wanaonikosesha usingizi.

Akikukosa mara mbili, anapisha, nami navaa glavu. Wewe bonyeza pamba mkono ukiwa umenyooka. Ukiukunja, alama ya bluu hiyo utaenda nayo nyumbani. Na kama uliwahi kuzirai ukitolewa damu, sema kabla hatujaanza. Tutakulaza kitandani.