Je, wajua kwa nini aliyeshtakiwa kumuua Lord Erroll aliachiwa huru?

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, yapata saa tisa, Waafrika wawili wa lori la maziwa waliona taa za gari zikiwaka kando ya barabara ya Ngong, karibu na njia panda ya kwenda Karen, nje ya Nairobi. Lilikuwa Buick, limetumbukia kwenye shimo la murram. Ndani yake, amejikunja sakafuni, alikuwa Josslyn Hay, Lord Erroll, mwenye miaka 39. Alikuwa amepigwa risasi ya kichwa.

Marehemu alikuwa kabaila wa Uskoti, mjumbe wa Kiambu katika Baraza la Kutunga Sheria, na ofisa wa jeshi wakati Vita vya Pili vimepamba moto. Pia alikuwa na sifa ya kutembea na wake za watu. Wa mwisho alikuwa Diana, mke mbichi wa Sir Jock Delves Broughton. Broughton alikuwa na miaka 57, mkewe hajafika 30, na ndoa yao ilikuwa na miezi miwili na kitu tu. Jioni ile watu hao watatu walikula pamoja Muthaiga Club, na Broughton aliinua glasi mbele ya watu akawatakia heri mkewe na Erroll. Baadaye Erroll alimpeleka Diana kucheza dansi, akamrudisha nyumbani Karen karibu saa nane na nusu. Nusu saa hivi baadaye, mwendo wa kama kilomita nne kutoka nyumba hiyo, akakutwa amekufa.

Kwa hiyo sababu ya kuua ilikuwepo, na Machi polisi walimkamata Broughton. Kesi ilianza Nairobi tarehe 26 Mei. Basi ilikuwaje akatoka?

Jibu limo ndani ya mtutu wa bastola. Mtutu huchongwa mifereji inayozunguka kama uzi wa skrubu, ili risasi itoke ikizunguka na kwenda moja kwa moja. Mifereji hiyo huiachia risasi alama, na idadi yake hutofautiana kati ya aina moja ya bastola na nyingine. Polisi walikuwa wameokota risasi kwenye shamba moja Nanyuki ambako Broughton aliwahi kulenga shabaha, na wataalamu wa serikali wakasema zilitoka kwenye bastola ileile iliyomuua Erroll. Broughton alikuwa na bastola mbili aina ya Colt, na siku chache kabla ya mauaji alitoa taarifa polisi kwamba zimeibwa. Ilionekana kamba imeshafika shingoni.

Ndipo akasimama Harry Morris, wakili aliyeletwa kutoka Johannesburg. Hakuhangaika sana na mapenzi wala wivu. Alimbana mtaalamu kwa swali dogo: mtutu wa Colt una mifereji mingapi? Sita. Na risasi za mauaji ya Erroll zina alama za mifereji mingapi? Mitano. Basi hazikutoka kwenye Colt. Hazikutoka.

Hapo ndipo mashtaka yalipovunjika mgongo, kwa maoni yangu. Upande wa serikali ulikuwa umefunga kesi yake kwenye bastola, na sasa bastola pekee zilizojulikana kuwa za mshtakiwa zilikuwa zimejiondoa zenyewe. Ili kumtia hatiani ilibidi kuamini kwamba alikuwa na silaha nyingine, ambayo hakuna aliyeweza kuileta mahakamani. Tarehe 1 Julai juri ikasema hana hatia.

Hiyo juri nayo tusiipite kimyakimya. Katika Kenya ya kikoloni Mzungu alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa mauaji alikuwa na jaji na wazee wa baraza, ambao walitoa maoni tu na jaji hakulazimika kuyafuata. Sisemi kwamba Broughton alipendelewa. Hoja ya mifereji ingemwokoa mtu yeyote mbele ya mahakama ya haki. Lakini inaniuma kujiuliza ni Mwafrika gani wa mwaka ule angeweza kumleta Morris kutoka Johannesburg aihesabu hiyo mifereji.

Broughton alirudi Uingereza, na Desemba 1942 akajiua kwa dawa katika hoteli moja mjini Liverpool. Diana alibaki Kenya hadi uzeeni. Hakuna mwingine aliyewahi kushtakiwa, na bastola ya mifereji mitano haijapatikana.