"Haina sukari" na "haijatiwa sukari"

Juzi nilisimama kwenye kibanda cha juisi ya miwa Kariakoo. Kijana alipitisha muwa kwenye mashine, akaukunja, akaurudisha pamoja na tangawizi na kipande cha ndimu. Mama mmoja kando yangu akamuuliza kama inamfaa mtu aliyeambiwa apunguze sukari.

"Hii haina sukari, mama. Asili tupu."

Mama akaagiza glasi kubwa.

Juisi ya miwa, haina sukari! Sasa kule kwenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa wanakamua nini?

Mtu wa lishe akikwambia upunguze sukari, anakusudia sukari huru: ile unayotia wewe, mpishi au kiwanda, pamoja na iliyomo ndani ya asali na juisi za matunda. Ya kwenye tunda zima na ya maziwa haimo kwenye hesabu hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unasema isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, yaani gramu 50 hivi kwa anayekula kalori 2,000, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4. (Kile cha kulundika tunachotumia majumbani ni habari nyingine.) Na "huru" si ruhusa ya kujimwagia. Ni kwamba haijafungiwa tena ndani ya nyama ya tunda, kwa hiyo inafika kwenye damu upesi, na unaimeza nyingi kabla tumbo halijasema limeshiba.

Nadhani anayetuponza ni neno lenyewe. "Sukari" tumeipata kwa Waarabu, sukkar; nyuma yao wako Waajemi na shakar yao, na mwisho kabisa Kisanskriti, sharkara, yaani changarawe. Wahindi wa kale ndio waliojua kuchemsha maji ya miwa mpaka yagande chembechembe, wakakiita kitu hicho kwa umbo lake, si kwa utamu wake. Sukari guru nayo ni hivyohivyo: "guru" ni gur ya Kihindi, na asili yake ni bonge. Basi kutoka mwanzo jina hili ni la punje, na masikio yetu bado yanasikia punje. Kisicho na chembe nyeupe chini ya kikombe tunakipa jina lingine: asali ni dawa, sukari guru inaongeza damu, juisi ni matunda. Mwili haujui Kisanskriti. Glasi ya juisi ya miwa ya mililita 250 inaweza kubeba gramu 30 hivi, karibu sawa na chupa ya soda ambayo mama yule asingeigusa.

(Na kutafuna muwa, je? Makapi unayatema, utamu unaumeza, kwa hiyo meno yako ndiyo mashine. Nafuu yake ni kwamba yanachoka mapema.)

Halafu kuna sukari ya tatu, ile ya "fulani ana sukari" au "sukari yangu imepanda". Hiyo ni glukosi ya kwenye damu, na hata sahani ya wali usio na punje moja ya sukari inaipandisha. Ndiyo maana aliyeacha sukari kwenye chai anaweza kurudi kliniki akakuta kipimo kiko palepale, akadhani amedanganywa. Hakudanganywa. Aliambiwa neno moja lenye maana tatu, akaenda na ile iliyokuwa kwenye kopo lake.

Kijana wa miwa sina ugomvi naye, na juisi yake ni tamu. Ila ningemwomba abadilishe kitenzi tu. Aseme "haijatiwa sukari", hapo amesema kweli na bado atauza. Mama naye atajua aombe glasi ndogo.