Kabla ya Darasa la Kwanza la Yoga, Mwambie Mwalimu Hali ya Mwili Wako

Wanaofika katika idara yetu ya tiba ya viungo hapa Kisumu wakiwa wameumia kwenye yoga si wengi, lakini wengi wao wanafanana kwa jambo moja: walikwenda darasani wakiwa na tatizo ambalo hawakumwambia mwalimu. Mmoja ana maumivu ya shingo ya miaka mingi, mwingine amefanyiwa upasuaji wa ngiri miezi michache iliyopita, na wote walidhani kwamba zoezi linalofanywa polepole, tena bila viatu, haliwezi kumdhuru mtu. Ninaithamini yoga na huwashauri baadhi ya wagonjwa wangu waifanye, ndiyo maana ninasikitika kumwona mtu akiiacha baada ya siku moja kwa sababu ya kosa ambalo lingeepukika kwa mazungumzo ya dakika tano.

Yoga ilianzia India maelfu ya miaka iliyopita, na jina lenyewe linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya kuunganisha au kufunga pamoja. Umoja wa Mataifa uliitengea siku yake, tarehe 21 Juni, kwa azimio lililopitishwa Desemba 2014. Kisumu, ambako reli ilifika mwaka wa 1901, imekuwa na wakazi wenye asili ya Kihindi kwa zaidi ya karne moja, hivyo yoga si jambo geni kabisa mjini kwetu. Hata hivyo, waumini wengi huniuliza kama wataombwa kuimba au kutamka maneno ya dini isiyo yao. Ni swali la haki na halistahili kubezwa, kwa kuwa mizizi ya yoga imo katika mapokeo ya kidini ya India. Madarasa mengi siku hizi hushughulika na mwili na pumzi tu, lakini mengine huanza au kumalizika kwa kutamka pamoja «Om», neno takatifu katika dini ya Kihindu. Mpigie mwalimu simu mapema umuulize, na umweleze wazi kwamba sehemu hiyo utanyamaza. Mwalimu mwema hatakulazimisha.

Katika simu hiyo hiyo, mwambie kwamba hujawahi kufanya yoga na uulize anafundisha aina gani. Hatha huenda polepole na humfaa anayeanza. Vinyasa huunganisha mkao mmoja na mwingine kwa mwendo wa pumzi, nayo humwacha nyuma asiyejua majina ya mikao. Mtindo wa Iyengar, uliopewa jina la mwalimu wake B.K.S. Iyengar wa mji wa Pune, India, aliyefariki mwaka wa 2014, hutilia mkazo usahihi wa mkao na hutumia vifaa vya kuegemea, na kwa maoni yangu ndio unaomfaa zaidi mtu mwenye viungo vikavu au umri mkubwa. Yoga ya chumba kilichopashwa joto la nyuzi 40 hivi haimfai anayeanza, hasa katika mji wenye joto kama wetu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwenye shinikizo la damu amwambie mwalimu, kwa sababu mikao inayoweka kichwa chini ya moyo na mazoezi ya kuzuia pumzi kwa nguvu yanaweza kulipandisha ghafla, na dawa anazotumia zinaweza kumtia kizunguzungu akiinuka haraka kutoka sakafuni. Mwenye glakoma asisimame kwa kichwa wala kwa mabega, kwani mikao hiyo huongeza shinikizo ndani ya jicho. Hata mkao wa mbwa anayeinama (viganja na nyayo chini, makalio juu), ambao karibu kila darasa huutumia, aufanye tu baada ya kuzungumza na daktari wake wa macho. Anayejidunga insulini apime sukari kabla ya kuanza na aweke peremende karibu na mkeka wake. Mama mjamzito atafute darasa la wajawazito, kwa sababu homoni za ujauzito hulegeza viungo na ni rahisi kuvivuta kupita kiwango chake bila kusikia maumivu wakati huo. Aliyepasuliwa tumbo au mgongo asubiri ruhusa ya daktari aliyempasua.

Kuna ugonjwa mmoja ambao vitabu vya yoga vya nchi za mbali havina sababu kubwa ya kuutaja, lakini sisi tunayo. Selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, imeenea katika kaunti zinazolizunguka Ziwa Victoria, na wapo watu wazima wanaoishi nayo bila kuwaambia hata wafanyakazi wenzao. Upungufu wa maji mwilini, joto kali na kujichosha kupita kiasi vinaweza kuamsha maumivu makali ya ugonjwa huo. Mtu huyu hazuiwi kufanya yoga ya taratibu endapo daktari wake amekubali, bali anahitaji kunywa maji mara kwa mara, kupumzika kabla hajachoka, na kuwa na mwalimu anayejua kwa nini ameketi wakati wengine wamesimama. Ikiwa unaona haya kulisema mbele ya watu, fika dakika 15 mapema umwite mwalimu kando.

Kuhusu chakula, sahani ya ugali na samaki huhitaji saa mbili au tatu kabla hujainama na kujipinda, la sivyo itakurudia kooni. Ukiwa na darasa la alfajiri, ndizi moja inatosha. Vaa nguo inayonyumbulika na isiyofunuka unapoinama: suruali ya mazoezi au kaptura ndefu na fulana inayoshika mwili. Anayependa kujisitiri zaidi avae fulana ndefu, mradi isimfunike uso anapoinamisha kichwa.

Usinunue vifaa vingi. Mkeka wa mpira wenye unene wa milimita 4 hadi 6 ndio wa lazima, na kumbi nyingi huazimisha. Mkeka wetu wa ukindu ni mzuri kwa kulalia, lakini juu ya saruji laini au vigae huteleza, nao umewahi kumwangusha mtu niliyemtibu kifundo cha mkono. Mahali pa mkanda wa yoga, leso (khanga) iliyokunjwa kwa urefu hufanya kazi ile ile: ipitishe nyuma ya nyayo, shika ncha zake, na utaweza kunyoosha mguu bila kuupinda mgongo.

Darasa likifanyika nje, kando ya ziwa, kagua nyasi kabla ya kutandika mkeka, kwa ajili ya miiba na siafu. Mbu wanaoeneza malaria huuma kati ya magharibi na alfajiri, saa zile zile ambazo madarasa ya nje hupendwa kwa sababu ya ubaridi, kwa hiyo jipake dawa ya kuwafukuza na uvae suruali ndefu.

Ndani ya darasa, keti safu ya pili au ya kati, uweze kumwona mwalimu mbele na wenzako pembeni. Wauza samaki wanaoshinda kwenye vigoda vifupi mara nyingi huchuchumaa kwa urahisi kuliko makarani, ilhali waendesha bodaboda huja na nyonga na migongo iliyokazana. Kila mwili una historia ya kazi yake, na kujilinganisha na jirani ndiko kunakoumiza. Pumua kwa pua na uliache tumbo lipande na kushuka. Ukiona pumzi imekatika au umeanza kuizuia, umevuka kiwango chako; piga magoti, keti juu ya visigino, uinamishe paji la uso hadi kwenye mkeka, na upumzike hapo bila kuomba ruhusa. Mwalimu akipenda kurekebisha watu kwa kuwashika na wewe hutaki kushikwa, mwambie kabla ya kuanza. Mwishoni mtalala chali kimya kwa dakika kadhaa. Usiondoke wakati huo, na utakapoinuka, geukia ubavu kwanza, kisha ujisukume kwa mikono.

Misuli inaweza kuuma siku moja hadi tatu baadaye, hasa ya nyuma ya mapaja na ya mabega, na maumivu hayo butu hupungua kwa kutembea na kuoga maji ya vuguvugu. Maumivu yanayochoma kwenye kiungo, ganzi inayoteremka mkononi au mguuni, au maumivu ya kichwa yaliyoanza ukiwa umeinama na yasiyotulia, hayo ni mambo mengine: nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na umweleze mhudumu ni mkao gani uliokuwa ukiufanya.