Bawa Lililopakwa Rangi Halikaguliki

Tangu tulipoanza kudai kwamba bawa la ndege ya zamani ya kijeshi lifunguliwe kabla ya ombi la kibali cha kuruka kujadiliwa, barua za malalamiko hazikauki mezani. Nyingi zinafanana: ndege imelala bandani miaka mingi, wapenzi wake wamejitolea jioni na mwisho wa wiki kuisugua mpaka inang'aa kama kioo, na leo mkaguzi anawaambia wang'oe ribiti, zile pini zinazoshikilia mabati. Uchungu wao tunauelewa. Baadhi yao wana mikono mizuri kuliko mafundi wengi wa kulipwa.

Nianze na huko kung'aa, maana ndiko kunakonichosha. Mabati mengi ya ndege hizi ni aloi ya alumini iliyovishwa utando wa alumini safi juu na chini, na kila utando una unene wa kama asilimia 5 ya bati zima. Kwa bati la milimita 1, hiyo ni sehemu moja ya ishirini ya milimita. Kinga ya bati dhidi ya kutu ni utando huo. Anayepitisha msasa na mashine ya kung'arishia kila Jumamosi anaitoa ngao, kisha anapiga picha.

Na tafadhali, tuache kusema alumini haishiki kutu. Haigeuki nyekundu, basi.

Si zamani sana niliitwa kukagua bawa la ndege ya mafunzo ya viti viwili. Rangi mpya, alama za kikosi zimechorwa kwa ustadi mkubwa. Nikaliangalia kwa ubavu, tochi ikiwa imelazwa karibu na bati, na mstari mmoja wa ribiti ukaonekana kama godoro lililoshonwa: vichwa vimezama, bati katikati yake limefura. Mwenye ndege akaniambia, "Mhandisi, hii ni ndege ya vita, ilijengwa kustahimili risasi." Nikaomba keekee, tukatoa ribiti tatu. Ukamwagika unga wa kijivu, mlaini kama wa muhogo, ukaganda kwenye kidole changu. Kutu ya alumini huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo ikikosa pa kwenda hulisukuma bati. Bolti ya chuma iliyopita kwenye boriti kuu, uti wa mgongo wa bawa, ilikuwa imegandana na tundu lake, na tulipoitoa nusu siku baadaye, shingo yake ilikuwa imelika. Hakusema tena habari za risasi.

Dhana hiyo ya "ndege ya vita ni imara" tunaisikia kila wiki, na ukweli uko upande wa pili. Ndege ya vita ilijengwa kwa haraka, na aliyeichora hakuwa akiwaza mjukuu wake atakuja kuirusha kwenye maonyesho. Elimu ya uchovu wa metali, yaani jinsi metali inavyopasuka kwa kubeba mzigo tena na tena, nayo ilikuwa bado changa. Angalia boriti ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936. Mihimili yake ya juu na chini ni mirija ya mraba iliyovishwa mmoja ndani ya mwingine, mitano kwenye shina la bawa, ikipungua kuelekea nchani. Ni kazi ya kupendeza, lakini kutu ikiingia kati ya mrija wa pili na wa tatu, nani ataiona kwa nje?

Tuna mifano ya kutosha. Tarehe 17 Juni 2002, ndege ya kuzima moto aina ya C-130A, iliyowahi kuwa ya jeshi, ilikatika mabawa angani huko Walker, California, na watu 3 wakafa. Wachunguzi walikuta ufa wa uchovu wa kama sentimita 30 chini ya bawa, ulioanzia kwenye matundu ya ribiti na kufichwa na bati la kuongeza nguvu. Mwezi mmoja baadaye, Julai 18, ndege nyingine ya kuzima moto, PB4Y-2 ya enzi ya Vita vya Pili vya Dunia, ilipoteza bawa la kushoto karibu na Estes Park, Colorado, na wawili wakafa. Ndege za mafunzo za T-34 Mentor nazo zilipoteza mabawa Georgia mwaka 1999, kisha Texas mwaka 2003 na tena 2004, ingawa maagizo ya ukaguzi yalishatolewa baada ya ile ya kwanza.

Ajali ya ndege ya zamani aina ya Ju-52 huko Uswisi, Agosti 2018, iliyoua watu 20, huwa naitaja kwa uangalifu. Ndege ile ya mwaka 1939 haikuanguka kwa sababu ya kutu. Chanzo kilichotajwa ni namna ilivyoendeshwa. Lakini walipofungua mabaki wakakuta kutu na nyufa kwenye boriti za mabawa, na ndege ilikuwa ikibeba abiria.

Sasa utaratibu, kwa wanaokusudia kuanza. Bawa hufungwa kwanza kwenye fremu imara ya kulishikilia, ndipo bati litoke, tena moja moja. Ukiyavua yote bila fremu, bawa litajipinda kidogo, kiasi usichoweza kukiona, nawe utaligongea ribiti mpya likiwa limepinda. Baada ya hapo ndege itavuta upande mmoja maisha yake yote. Kila kipande kipewe kibandiko chenye namba na mahali kilipotoka. Bolti za chuma zipimwe nyufa kwa sumaku na unga wa chuma, boriti kwa mkondo wa umeme au kwa wino wa kupenya. Tundu lililoliwa huruhusiwa kupanuliwa, ila kwa kawaida kutoka katikati yake hadi ukingo wa bati pasipungue vipenyo viwili vya ribiti. Kichwa cha ribiti kinachotokea baada ya kugonga kiwe na upana wa kipenyo kimoja na nusu, na urefu wa nusu kipenyo. Zipo ribiti ngumu ambazo baada ya kupashwa moto na kupozwa ghafla huwekwa kwenye barafu zisikakamae mapema. Tumekuta watu wanazitumia kama ribiti za kawaida. Hupasuka.

Halafu karatasi, ambako ndiko maombi mengi hufia. Nitatumia kanuni za Marekani, kwa kuwa ndiko ndege nyingi za aina hii zinakoruka. Kila kazi ya matengenezo iandikwe: maelezo ya kilichofanyika, tarehe ya kukamilika, jina la aliyefanya, sahihi na namba ya cheti cha anayeidhinisha. Kukarabati boriti ni matengenezo makubwa, kwa hiyo hujazwa Fomu 337, nakala moja ya mwenye ndege, nyingine ipelekwe kwa mamlaka ya usafiri wa anga ndani ya saa 48 tangu ndege iidhinishwe kurudi kazini. Kuandika uongo kwenye kumbukumbu hizi ni sababu tosha ya kusimamishwa au kufutiwa cheti. Uongo juu ya ubora wa kipuri kilichofungwa kwenye ndege ni jinai: kifungo hadi miaka 15, na kipuri hicho kikishindwa kazi na kuua mtu, hadi kifungo cha maisha. Wanaouza bolti "za akiba ya jeshi" zisizo na hati wanasikia. Na wanaozinunua nao wasikie.

Huwa tunaulizwa kama inawezekana kubakiza bati la asili. Inawezekana, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tunachokataa ni boriti ya asili yenye ufa kulindwa kwa jina la urithi. Boriti hiyo isimamishwe makumbusho, iwekewe maelezo, na mpya ifungwe kwenye ndege itakayobeba mtu.

Fomu ya ombi ina nafasi ya picha za bawa likiwa wazi, kabla ya rangi ya msingi na baada yake. Isiachwe tupu, wala isibandikwe picha ya ndege ikiwa angani.